Nimekataa kumwaga rubisi kaburini kwa baba, ukoo umenigeuka. Nikiondoka kabla ya kikao, nimemkana Kristo?

#1 Mwana wa Kibanja
Bwana Yesu asifiwe. Nahitaji mawazo ya watu wasionijua, maana wanaonijua wote wameshachagua upande.

Mimi ni wa Kagera, mtoto wa kwanza wa kiume. Baba alifariki mwaka juzi. Kwenye ukoo wetu mrithi akikabidhiwa kibanja, yaani shamba la ukoo, kuna mambo hufanyika kaburini: mbuzi anachinjwa, rubisi, yaani pombe yetu ya ndizi, inamwagwa, na mrithi anatamka maneno ya kumwomba marehemu na waliomtangulia wailinde nyumba. Mimi niliokoka miaka sita iliyopita nikiwa kazini Geita. Siku ilipofika nikawaambia wazee kwamba kaburi la baba nitalisafisha, nitalijengea, wageni nitawalisha, ila maneno yale sitayatamka na rubisi sitaimwaga.

Mtoto wa mdogo wangu alishikwa na degedege mwezi wa pili, ikasemwa ni mimi. Mke wangu akifika kisimani, wenzake wanajitwisha ndoo na kuondoka. Wiki iliyopita nimeamka nikakuta migomba 41 imekatwa, mingine ilikuwa na mikungu iliyobakiza wiki mbili. Jumamosi ijayo ni kikao cha ukoo. Baba mdogo ametamka mbele ya watu: nitamwaga, au nitatoka.

Mama amenipa nauli kwa siri. Anasema niende kwa dada yangu Mwanza mpaka wapoe.

Nikipanda basi Ijumaa, nimemkana Kristo? Hilo tu ndilo linaloninyima usingizi. Migomba itaota.

#2 Shangazi Neema
Amen. Pole sana mwanangu, na mpe pole mkeo.

Bwana mwenyewe alisema wakiwafukuza mji mmoja mkimbilie mwingine, Mathayo 10:23. Paulo alishushwa ukutani Dameski akiwa ndani ya kapu, usiku. Hakuna aliyemwambia amekana. Panda basi.

#3 Mlutheri wa Bondeni
Shangazi, kwa heshima zote nakataa. Huyu ndugu ni jirani kabisa na Uganda, na watu wa Kagera kila mwaka wanakwenda kuhiji Namugongo. Wale mashahidi 22 wa Uganda hawakutafuta kapu. Kizito alikuwa na miaka kama 14. Waliambiwa wachague, wakachagua, wakachomwa wote siku moja, tarehe 3 Juni 1886. Leo sisi tunahesabu ratiba za mabasi.

#4 Mwalimu wa Historia
Ndugu wa #3, moyo wako ni mzuri ila hesabu umezichanganya, na kwa swali hili hesabu zina maana.

Kwanza, 22 ni Wakatoliki peke yao. Waanglikana wanawahesabu 23 wa kwao, na wa kwanza kabisa walikuwa vijana watatu wa Kianglikana, Kakumba, Rugarama na Serwanga, waliouawa 31 Januari 1885 huko Busega. Pili, hawakufa siku moja. Joseph Mukasa Balikuddembe aliuawa 15 Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kwa kuuawa kwa Askofu Hannington kule Busoga. Matthias Mulumba alikatwa viungo na kuachwa afe polepole, akafa mwisho wa Mei 1886. Jean-Marie Muzeeyi aliuawa Januari 1887. Katika wale 22, waliokufa Namugongo tarehe 3 Juni ni 13, Karoli Lwanga, mkuu wa vijana wa ikulu, akiwemo, na yeye alichomwa peke yake, mbali kidogo na wenzake. Ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana.

Tatu, na hili ndilo linalomhusu mwenye uzi: wapo waliojificha na wakapona. Mapadri wa Kikatoliki wenyewe waliondoka Buganda mwaka 1882 hali ilipochafuka, wakavuka ziwa mpaka Bukumbi, huku kwetu upande wa Mwanza, wakarudi 1885. Ndani ya miaka ile mitatu imani ilishikwa na vijana wa ikulu. Kwa hiyo huwezi kusema waliokimbia walikana, na huwezi kusema waliobaki walikosa akili. Kanisa lile limejengwa na wote wawili.

#5 Mlutheri wa Bondeni
Asante Mwalimu, hesabu nimezipokea. Ila Lwanga hakukimbia, na ni Lwanga tunayemkumbuka.

#6 Karani wa Zamani
Wapendwa, mnasoma habari za Buganda wakati jibu liko kwenye #1. Someni tena. "Nitamwaga, au nitatoka." Atoke wapi? Kwenye kibanja. Kijana, nieleze: ukitoka, kibanja kinakwenda kwa nani?

Nimefanya kazi ya kuandika mihutasari ya vikao vya kijiji zaidi ya miaka 20. Matambiko mengi niliyoyaona yakiletwa kwenye meza yalikuwa na mpaka wa shamba chini yake.

#7 Mwana wa Kibanja
Karani, kikienda, kinakwenda kwa watoto wa baba mdogo. Hilo ninalijua.

Lakini sitaki kumsingizia. Siku niliyokataa, baba mdogo hakufoka. Alikaa chini kwenye majani akalia. Aliniambia, "Umemwacha kaka yangu peke yake kule." Mtu anayetaka shamba tu halii vile. Anaamini kabisa kwamba baba ana kiu na mimi nimemnyima maji. Hilo ndilo lilinivunja kuliko migomba.

#8 Kinanda
Sasa ndugu yangu, kama ni kiu, mpe. Samahani kama nitawaudhi watu. Rubisi ni ndizi na mtama. Imwage, moyoni mwako unajua hakuna kitu pale. Naamani Mshami aliomba ruhusa ya kuinama kwenye hekalu la Rimoni akiwa amemshika mkono bwana wake, na Elisha akamwambia aende kwa amani. 2 Wafalme 5. Amani ya nyumba nayo ni amri.

#9 Shangazi Neema
Kinanda, Naamani alikuwa anamsindikiza mfalme. Huyu ndiye ataongoza yale maneno. Kushika mkono wa anayeinama si sawa na kuinama.

#10 Njia Panda
Niko chuo cha biblia mwaka wa tatu, naomba niongeze jambo kwa sababu hoja ya Kinanda ni ya zamani sana na Waafrika wenzetu waliishaigombania.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliagiza kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya Rumi, halafu apewe cheti kwamba ametoa. Chembe za ubani au divai kidogo, basi. Wakristo wakagawanyika. Wapo waliokataa wakafungwa. Wapo waliotoa. Na wapo waliohonga wakapata cheti bila kutoa chochote, wakisema kama Kinanda: moyoni tunajua.

Karthago, Tunisia ya leo, askofu alikuwa Cyprian. Yeye alijificha. Makasisi wa Rumi wakamwandikia barua ya kumchoma kwa hilo. Tertullian, wa mji uleule, alikuwa ameshafundisha miaka ya nyuma kwamba kukimbia hakuruhusiwi kabisa, kwa hiyo mkisoma ugomvi wa #2 na #3 hapo juu mjue una zaidi ya miaka 1,800. Mateso yalipopoa, Cyprian akarudi akakuta kazi ngumu kuliko mateso yenyewe: wale walioanguka wapokelewe au wasipokelewe? Kanisa likapasuka juu ya hilo. Yeye akachukua njia ya katikati, watubu kwa muda kisha warudi. Mwaka 257 mateso yakaja tena. Safari hii hakukimbia, akakatwa kichwa 14 Septemba 258.

Mtu yuleyule alikimbia mara moja na akasimama mara moja. Sijui kama hilo ni jibu.

#11 Mlutheri wa Bondeni
Ni jibu kwangu mimi, kwamba wakati ulifika akasimama. Wakati wa Mwana wa Kibanja umefika Jumamosi.

#12 Mama Upendo
Jambo moja kuhusu Namugongo ambalo watu hulipita haraka. Wale vijana hawakuuawa kwa kusali tu. Walikataa pia kutumiwa na mfalme kwa tamaa zake, na Lwanga alikuwa anawaficha wadogo. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886 aliwabatiza wanne mwenyewe, Kizito akiwemo, kwa sababu padri hakuwepo na kesho yake walijua itakuwaje. Na Mwenye heri Anuarite kule Isiro, Kongo, 1 Desemba 1964, ni hivyo hivyo: kanali wa waasi alimtaka, akakataa, akauawa. Uaminifu mara nyingi unakuja kama kukataa kitu kimoja tu kidogo ambacho wengine wanaona hakina neno.

#13 Mwalimu wa Historia
Kweli, na wapo wanaosema sababu ilikuwa hiyo. Wengine wanasema ilikuwa siasa: Wazungu wanakuja kutoka mashariki, Hannington kapita njia ya Busoga ambayo Waganda waliiogopa, na vijana wa ikulu wana bwana mwingine wanayemtii kuliko Kabaka. Wengine wanasema ni ugomvi wa wakubwa wa ikulu waliohofia vyeo vyao. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na kila darasa linaondoka na jibu lake.

Ndiyo maana Karani akisema "ni shamba" na mwenye uzi akisema "ni kilio", sioni kwa nini lazima mmoja awe amekosea.

Tena Mwanga mwenyewe, alipopinduliwa mwaka 1888, alikimbilia kusini ya ziwa na akaishia Bukumbi kwa mapadri walewale. Waliosaidia kumrudisha kwenye kiti ni Wakristo, na baadhi yao walikuwa wamepona kwenye panga lake. Alifia Ushelisheli mwaka 1903 akiwa amebatizwa jina la Danieri.

#14 Shangazi Neema
Hii ya Mwanga kupokelewa Bukumbi imenitoa machozi. Mwana wa Kibanja, umeisoma?

#15 Bin Juma wa Tanga
Assalam alaykum na salamu kwa wote. Mimi ni Mwislamu, napita kwenye uzi huu kwa sababu mke wa kaka yangu ni Mkristo na ameutuma kwenye kundi la familia.

Mwalimu umeacha kitu. Kabla ya Wakristo hao, Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, aliwaua vijana wa Kiislamu wapatao 70 miaka ya 1870, na ni Namugongo hiyohiyo. Walikataa kula nyama ya wachinjaji wa ikulu na wakakataa kusali nyuma ya Kabaka kwa sababu hakutahiriwa. Kwa hiyo ardhi ile ina watu wetu na wenu.

Kwa ndugu mwenye swali: sisi tuna Ammar bin Yasir, aliyelazimishwa kwa mateso akatamka maneno ya kukana huku moyo wake umetulia kwenye imani, na hakuhukumiwa. Lakini hijra nayo ipo. Mtume mwenyewe alihama Makka. Kuhama si aibu.

#16 Mwalimu wa Historia
Bin Juma, wa alaykum salam. Umenisahihisha kwa haki. Huwa nawasahihisha wengine, leo zamu yangu.

#17 Kinanda
Mwalimu amepata alama nyekundu kwenye daftari, leo tumeishi kuiona!

#18 Mzee Kandili
Nimesoma yote. Mwanangu Mwana wa Kibanja, mimi nina miaka 71 na nilisimama mahali ulipo.

Nakuuliza jambo ambalo hawa vijana hawajakuuliza. Ulikataaje? Ulisema siku hiyohiyo, watu wamekusanyika, mbuzi kafungwa, rubisi iko kwenye kata? Au uliwaendea mapema?

Mimi nilikataa vibaya. Nilikuwa nimetoka kwenye mkutano wa injili, nimejaa moto, nikasimama kaburini kwa babu nikawaambia wazee wanaabudu mashetani. Baba yangu mkubwa alikuwepo. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye, lakini kwa upole na hofu. Nilikuwa nimekariri nusu ya kwanza ya mstari. Baba mkubwa hakunisemesha miaka tisa mpaka amekufa. Siku ya msiba wake mkewe alinitumia jembe lake la mkono kwa mtoto mdogo, bila neno. Nimelitundika ukutani, na mpaka leo sijui lilikuwa msamaha au lilikuwa kunirudishia kilicho changu.

Sijutii kukataa. Najutia mdomo wangu. Kuna mateso tunayopata kwa ajili ya Kristo na kuna mengine tunayopata kwa ajili ya ulimi, na tukichanganya tunamsingizia Kristo.

#19 Mwana wa Kibanja
Shikamoo mzee. Nilisema siku hiyohiyo. Niliogopa kuwaendea mapema kwa sababu nilijua wangenishawishi. Sikuwatukana, lakini niliwaaibisha mbele ya wageni. Sikuwahi kuliona hivyo.

#20 Mlutheri wa Bondeni
Mzee Kandili shikamoo. Nakuheshimu, lakini tusimtwike huyu kijana kosa. Aliyekatiwa migomba ni yeye.

#21 Mzee Kandili
Marahaba. Sijamtwika. Nimemuuliza.

#22 Msafiri wa Ruwi
Nilifanya kazi za ndani Maskati miaka minne. Oman makanisa yapo, kule Ruwi na Ghala, kwenye viwanja vilivyotolewa na Sultani, na ibada kubwa ni Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Tatizo langu halikuwa nchi, lilikuwa nyumba. Mwajiri wangu wa kwanza alichukua biblia yangu siku ya tatu, akaiweka juu ya kabati, akasema nitaichukua nikiondoka. Ijumaa sikutoka hata moja kwa miezi 14.

Sikupigana. Nilikuwa napiga pasi huku naimba tenzi moyoni, kila shati na ubeti wake. Kuna siku nilijiona msaliti, wenzangu wanakufa kwa imani na mimi siwezi hata kudai kitabu changu. Nyumba ya pili, mama mwenye nyumba, Mwislamu wa swala tano, aliniuliza mwenyewe kanisa langu liko wapi na akawa ananipeleka kwa gari.

Nauliza na mimi: ile miezi 14 ya kunyamaza, nayo ni kukana?

#23 Mama Upendo
Hapana dada yangu. Hapana kabisa.

#24 Njia Panda
Danieli alifungua madirisha. Esta alinyamaza kuhusu watu wake mpaka siku yake. Wote wamo kwenye biblia moja.

#25 Mjukuu wa Cucu
Habari zenu, niko Kenya. Hii inanikumbusha cucu (bibi) yangu. Wakati wa Mau Mau, wale wapiganaji waliompinga mkoloni, yeye na wenzake wa uamsho wa Kikristo, wale wanaoimba Tukutendereza, walikataa kula kiapo chao cha damu. Alisema ameshakunywa damu ya Yesu kwenye meza ya Bwana na hawezi kunywa nyingine juu yake. Walimchapa, wakamwachia alama shingoni. Na jambo ambalo watu hawasemi: serikali ya mkoloni ilipotaka kuwapa hao watu wa uamsho bunduki wajilinde, wengi walikataa pia. Walichukiwa na pande mbili.

Ukienda Murang'a kuna kanisa kubwa la Waanglikana la ukumbusho wa waliouawa hivyo, lenye picha ukutani za Yesu Mwafrika, zilichorwa na Mkikuyu mmoja.

#26 Mtu wa Murang'a
Mjukuu wa Cucu, pole kwa cucu. Lakini mimi babu yangu alikuwa mzee wa kanisa na alikula kiapo. Hakumkana Mungu hata siku moja. Shamba lake lilikuwa limechukuliwa na mzungu, na alipofungwa kambi ya Manyani alikuwa anaomba kila asubuhi. Nikisoma "waaminifu walikataa" naona babu amewekwa nje ya mlango. Kiapo kilikuwa cha ardhi na uhuru.

#27 Mjukuu wa Cucu
Sijamweka nje. Lakini waliomchapa cucu hawakumuuliza habari za ardhi. Alikuwa hana ardhi.

#28 Mtu wa Murang'a
Najua. Nyumbani kwetu wapo wa pande zote mbili wamezikwa mita chache toka kila mmoja. Ndiyo maana naandika taratibu.

#29 Karani wa Zamani
Mnaona? Ardhi tena.

#30 Mama wa Marangu
Kidogo tu kuhusu #25: zile picha za kanisa la Murang'a zilichorwa na Elimo Njau, na huyo ni wetu, Mchaga wa Marangu, Kilimanjaro. Ni tano, kuanzia kuzaliwa kwa Bwana mpaka msalabani. Mkitaka kumchukua mtuletee mbege, pombe yetu ya ndizi, kwanza.

#31 Mjukuu wa Cucu
Asante kwa kunisahihisha, mbege itakuja.

#32 Bujumbura Kwetu
Mimi ni Mrundi. Nawaza seminari ndogo ya Buta, Bururi, 30 Aprili 1997. Waasi waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wakakataa. Waliuawa 40. Hakuna aliyewaambia "mkane Yesu". Waliambiwa tu wasogee hatua chache.

Sasa kwetu kuna watu husema hao si mashahidi wa imani kwa sababu hawakuulizwa juu ya imani. Mimi naona ndivyo adui afanyavyo. Hakuulizi swali ulilojiandaa nalo.

#33 Kinanda
Hii imenipiga. Ila nirudi kwenye rubisi: hapo sasa hatua ndogo ni ipi, kumwaga au kujitenga na ndugu? Maana wale wa Buta walikufa kwa sababu walikataa kuachana.

#34 Njia Panda
Kinanda kwa mara ya kwanza umeuliza swali ambalo sina jibu lake.

#35 Dereva wa Mutukula
Kuhusu kukimbia. Askofu Mkuu Janani Luwum hakuondoka Kampala. Maaskofu walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, na 16 Februari 1977 Luwum akauawa pamoja na mawaziri wawili, serikali ikasema ni ajali ya gari. Mwenzake Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, ambaye zamani aliwahi kufundisha shule Dodoma, alitembea kwa miguu usiku na mkewe mlimani mpaka Rwanda. Akaishi, akazunguka dunia akihubiri kumsamehe Amin. Uganda leo 16 Februari ni sikukuu ya Luwum, lakini Festo hakuna anayemwita mwoga. Panda basi ndugu, Bukoba hadi Mwanza hata meli ipo.

#36 Mkatekista
Tumsifu Yesu Kristo. Kwa nini hamjamwambia aombe kitu kingine badala yake? Parokiani kwetu familia zenye shida hii huomba misa ya kumwombea marehemu, kaburi linabarikiwa, wazee wanakaa mbele, wanakula pamoja. Wengi wanaridhika kwa sababu wanachotaka ni marehemu akumbukwe.

#37 Mlutheri wa Bondeni
Mkatekista, yeye ameokoka. Kuwaombea wafu hakumo kwenye mafundisho yao, atakuwa ametoka kwenye rubisi akaingia kwingine.

#38 Mkatekista
Ndugu, umeniweka kundi moja na rubisi? Wamakabayo wa pili sura ya 12.

#39 Mlutheri wa Bondeni
Kitabu hicho kwetu hakimo kwenye orodha.

#40 Shangazi Neema
Hapana, hapana. Huyo mtoto anakwenda kwenye kikao kesho kutwa. Fungueni uzi wenu wa Wamakabayo, nitakuja kuwasikiliza.

#41 Mkatekista
Samahani shangazi. Basi ibada ya shukrani kwa maisha ya baba, kwa utaratibu wa kanisa lake. Nia yangu ni wazee wapate siku yao.

#42 Karani wa Zamani
Niseme la kiofisi. Kukata mazao ya mtu ni jinai, iwe kwa jina la ukoo au la mtu mmoja. Piga picha kila shina, andika tarehe, mwite balozi wa nyumba kumi aone, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji. Uhuru wa kuabudu uko kwenye Katiba ibara ya 19, huhitaji kumwomba baba mdogo. Paulo alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Kuteswa kwa ajili ya imani hakukuondolei haki ya kuandika malalamiko.

#43 Mzee Kandili
Karani yuko sahihi. Ila ukimpeleka ndugu yako polisi kabla ya kikao, kikao hakitakuwepo. Piga picha, ziweke.

#44 Mama Upendo
Na mke? Nimesubiri mtu amuulize. Huyu mama ndiye anayeachwa peke yake kisimani kila siku. Mwana wa Kibanja, yeye anasemaje?

#45 Mwana wa Kibanja
Mama Upendo, nilimuuliza usiku ule baada ya kusoma. Akasema, "Wewe unauliza kama utakimbia. Mimi sijaulizwa kama nitabaki." Nilinyamaza muda mrefu.

#46 Mwana wa Kibanja
Wapendwa, leo ni Jumapili usiku. Natoa mrejesho.

Nauli ya mama nilimpa mke wangu. Ijumaa alipanda yeye na watoto, wako Mwanza kwa dada. Mimi nikabaki. Alhamisi jioni nilifanya alivyosema Mzee Kandili, nikamwendea baba mdogo kwake nikiwa peke yangu, nikapiga magoti mlangoni kama ilivyo kwetu, nikamwomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya wageni. Nikamwambia radhi ni kwa hilo tu, jibu langu ni lilelile. Hakunikaribisha ndani. Hakunifukuza pia. Tulikaa nje mpaka giza.

Kikao kilifanyika, mzee wa kanisa alikuja nami na balozi alikuwepo. Maneno yalikuwa makali. Shangazi yangu mmoja aliniita mfu. Nilieleza habari ya ibada ya kaburini, wengine wakaguna, wengine wakauliza mbuzi ni wangapi. Mwishoni baba mdogo akasema kikao kiahirishwe mpaka baada ya mavuno ya kahawa. Hakusema nitoke, hakusema nibaki. Nani alikata migomba hakuna aliyetaja, na picha ninazo.

#47 Mlutheri wa Bondeni
Ubarikiwe kwa kubaki. Ila umeniweka njia panda, maana nusu ya nyumba yako imekimbia na nusu imesimama.

#48 Shangazi Neema
Kama Kanisa la Mwalimu la #4.

#49 Karani wa Zamani
Kuahirisha mpaka baada ya kahawa kunaweza kuwa huruma, na kunaweza kuwa wanataka uvune kwanza ndipo wahesabu. Kuwa macho.

#50 Mwana wa Kibanja
Nimewaza yote mawili, Karani. Leo asubuhi baada ya kanisa nimemkuta baba mdogo kaburini kwa baba anang'oa magugu. Nikachukua panga nikaanza upande wa pili. Hatukusemezana.

#51 Mkulima wa Muleba
Ndugu, mimi ni jirani yako wa wilaya, nilikuwa nasoma tu kimya. Hayo mashina 41, ni ya ndizi za kupika au za pombe? Nina machipukizi ya kupika ya kutosha, safi, hayana mnyauko. Jumanne gari yangu inapita barabara kuu, nitumie ujumbe wa faragha unieleze niyashushie wapi.